Kabla ya Kula Chakula cha Mfalme

Masomo ya juma: Danieli 1 na Luka 3:10-14



Watoto wetu wanaomaliza sekondari hapa Louisville wameanza kupokea majibu ya vyuo. Katika nyumba kadhaa za ushirika wetu, pamoja na majibu hayo, imeingia habari ya ufadhili wa masomo kutoka Jeshi la Marekani, kupitia mpango unaojulikana kwa herufi nne: ROTC. Haya ni mafunzo ya maofisa yanayofanyika ndani ya vyuo vikuu. Kijana anasomea shahada yake kama wenzake, iwe uhandisi, uuguzi au historia, na kando ya masomo hayo anafundishwa uongozi wa kijeshi. Anaamka kabla ya jua kwa mazoezi ya viungo, anajifunza kusoma ramani, anakabidhiwa kikundi cha wenzake akiongoze porini. Akihitimu, anatunukiwa kamisheni na kuwa Luteni Usu.

Wazazi wameniuliza, huyu mlangoni pa kanisa, yule kwa simu usiku: "Baba mchungaji, tumruhusu atie sahihi?" Wapo wanaouliza kwa furaha, kwa kuwa ada ya chuo ni mzigo ambao hawaoni watautua wapi. Wengine, hasa kina mama, wanauliza kwa hofu, kwa kuwa watu wenye sare ndio waliowafukuza vijijini mwao. Sitatoa jibu moja kwa nyumba zote. Nataka kwanza tusome habari za vijana wanne waliosomeshwa na mfalme.

Tukiwafundisha watoto kitabu cha Danieli, huwa tunakimbilia tanuri la moto na tundu la simba. Sura ya kwanza tunaipita upesi, nayo ndiyo inayotufaa juma hili. Nebukadneza ameuzingira Yerusalemu na kuchukua mateka. Anaagiza wachaguliwe vijana wasio na dosari mwilini, wenye maarifa, wepesi wa kujifunza. Watasomeshwa lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Kila siku watapata posho kutoka meza ya mfalme, na muda ukiisha watasimama mbele yake kumtumikia. Afya njema, uwezo wa akili, muda wa mafunzo, posho, utumishi baada ya kuhitimu: mzazi aliyewahi kuketi na mwanawe kujaza fomu za jeshi atayakuta masharti yake humo. Tena waliochaguliwa walikuwa watoto wa uhamishoni, waliofika nchi ile bila kuichagua. Wengi wa watoto wetu walizaliwa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nakivale. Hawana haja ya kuelezwa uhamisho ni nini.

Niyataje masharti ya leo waziwazi, maana mengi tunayasikia nusunusu. Ufadhili wa Jeshi la Nchi Kavu hulipa ada yote ya chuo, au mahali pake malazi na chakula. Juu yake kuna dola 1,200 za vitabu kwa mwaka na posho ya dola 420 kila mwezi wa masomo. Kwa familia ambayo baba anapanga mizigo ghalani usiku kucha na mama anasafisha vyumba vya hoteli, fedha hizo ni nyingi, na sitaki mtu yeyote aone haya kwa kuzitamani. Kinachodaiwa baadaye ni miaka minane ya utumishi. Kwa kawaida minne ya kwanza kijana yuko jeshini muda wote, na iliyobaki anahesabiwa katika akiba, anaweza kuitwa wakati wowote. Wengine hutumikia miaka yote minane katika Jeshi la Akiba au Gadi ya Taifa huku wakifanya kazi za kiraia. Aliyefunga mkataba kisha akauvunja anaweza kudaiwa fedha zote zilizomsomesha, au kuitwa jeshini kama askari wa kawaida.

Ofisa lazima awe raia wa Marekani, na hapo familia zetu hujikwaa. Mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya miaka mitano. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu na anayeishi na mzazi wake, huwa raia siku ile ile mzazi wake anapoapishwa. Kwa hiyo mzazi anayeahirisha mtihani wa uraia kwa kuogopa Kiingereza anaahirisha na mambo ya mwanawe. Jambo jingine: sare anayovaa mwanafunzi wa sekondari katika darasa la JROTC haimfungi kwa lolote, na yule sajini anayekuja shuleni na vipeperushi anaandikisha askari wa kawaida, kwa mkataba wa namna nyingine kabisa. Nimeona wazazi wakiweka yote haya katika kapu moja, wakamzuia mtoto lisilo na hatari au wakamwachia lenye uzito.

Nchi hii ilikuwa na sababu ya kuwaandaa maofisa vyuoni. Sheria ya mwaka 1862, iliyotiwa sahihi na Abraham Lincoln katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyapatia majimbo ardhi ya kugharimia vyuo na kutaka vyuo hivyo vifundishe mbinu za kijeshi pamoja na kilimo na ufundi. Mwaka 1916 Rais Woodrow Wilson alitia sahihi sheria iliyounda ROTC yenyewe, na sheria ya mwaka 1964 ikapanua ufadhili wa masomo. Wazo lilikuwa kwamba jeshi lisigeuke ukoo uliojitenga na wananchi, bali maofisa wake wengi watoke katika madarasa wanamotoka walimu na wahandisi. Sisi tuliotoka Kongo, tuliomwona Rais Mobutu akijizungushia kikosi maalum kilichojaa watu wa jimbo lake hatuhitaji kuhubiriwa thamani ya wazo hilo.

Wanaowahimiza vijana wetu humtaja Colin Powell, na wana haki. Wazazi wake walihamia New York kutoka Jamaika. Alisomea jiolojia katika Chuo cha Jiji la New York, lakini moyo wake ukawa ROTC. Akapata kamisheni mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Wasimulieni watoto habari yake mpaka mwisho. Februari 2003, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kwamba Iraki ilikuwa na silaha za maangamizi. Hazikupatikana. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba hotuba ile ni doa litakalobaki katika kumbukumbu ya maisha yake. Vyakula vingine vya meza ya mfalme huletwa mbele ya mtu akiwa tayari ana mvi.

Turudi kwa Danieli. Hakukataa kila kitu. Alikubali shule. Alikubali lugha ya kigeni na vitabu vyake, na watu wakamwita Belteshaza, jina lenye mungu wa Babeli ndani yake, na kitabu hakituambii kama aliligombania. Baadaye alishika kazi kubwa serikalini chini ya wafalme kadhaa. Alichokataa ni chakula na divai ya mfalme. Walimu wa Biblia wamejadiliana sana kwa nini chakula hasa, na majadiliano hayo siyapuuzi, ila jicho langu liko kwenye wakati. Aliazimu moyoni mwake kabla sahani haijatua mezani. Kisha akamwendea msimamizi kwa adabu, akaomba wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji.

ROTC nayo ina siku zake za majaribio. Mwenye ufadhili wa miaka minne anaweza kusoma mwaka wa kwanza mzima, akaonja mazoezi, amri na wenzake, kisha akaondoka bila deni kabla ya mwaka wa pili kuanza. Anayejiunga bila ufadhili ana miaka miwili ya namna hiyo. Wazazi, ulizeni habari za muda huo kwa Kiswahili chenu na Kiingereza cha watoto wenu mpaka muelewe. Ni mlango uliowekwa na sheria, na hakuna aibu kuutumia.

Mlango huo ukishafungwa, kinachofuata ni kiapo. Askari wa kawaida huapa kuilinda Katiba na pia kutii amri za Rais na za maofisa walio juu yake. Kiapo cha ofisa hakina ile ahadi ya kutii amri za Rais. Ofisa anaahidi kuiunga mkono na kuilinda Katiba, na anatamka kwamba amekubali wajibu huo kwa hiari yake, pasipo kuficha neno lolote moyoni. Asiyetaka kuapa kwa sababu ya mafundisho ya Bwana wetu katika Mathayo 5 anaruhusiwa kuthibitisha tu. Lakini iwe ni kuapa au kuthibitisha, kijana anaombwa asiwe na chumba cha siri ndani yake. Mwenye maswali anapaswa kuyamaliza kabla ya siku hiyo. Kuyameza kwa ajili ya ada, kisha kutamka kwamba hakuna lililofichwa, ni kusema uongo mbele za Mungu na mbele ya mama aliyekuja kumbandika kile kipande cha dhahabu begani.

Sasa, maswali gani? Nendeni Luka 3. Watu wanashuka Yordani kumwuliza Yohana wafanye nini, na miongoni mwao wamo askari. Yohana hawaambii watupe silaha, wala hawasifu. Anawapa maneno matatu: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara wao. Nimesikia mahubiri yanayolipita fungu hili kana kwamba ni dogo. Wanaolipita hivyo hawajawahi kusimamishwa kwenye bariyeri.

Sisi tumesimamishwa. Neno la kwanza la Yohana tunalijua kwa mbuzi waliochukuliwa, baiskeli zilizochukuliwa, na kwa mambo yaliyofanyiwa kina mama na mabinti ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa wenyewe wanasoma. Neno la pili tunalijua pia. Kijana alishikwa njiani kati ya Uvira na Fizi, akaambiwa ni wa kundi fulani kwa sababu ya sura yake au jina lake, na asiyekuwa na kitu cha kutoa hakufika alikokuwa akienda. Kusingiziwa mbele ya mtu mwenye bunduki ni hukumu iliyokwisha kutolewa. Na neno la tatu, la mshahara, wazee wetu wanaweza kulihubiri kuliko mimi. Septemba 1991 askari wa Zaire wasiolipwa ipasavyo walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea mijini. Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano, wafanyabiashara wakazikataa, askari wakaingia mitaani tena. Tangu hapo raia wengi walimjua askari kama mtu anayejilipa mwenyewe kwa jasho lao. Yohana aliuona uhusiano huo zamani sana: jeshi lisilotosheka na mshahara wake litakula watu, na wa kwanza kuliwa ni mwenye nyumba iliyo karibu na kambi.

Yupo mtu anayeamua kama maneno hayo matatu yatashikwa au la. Si jenerali, ambaye yuko mbali. Mara nyingi ni luteni, kijana wa miaka 22 au 23 aliyepewa platuni ya watu thelathini hadi arobaini, baadhi yao wakubwa kuliko yeye kwa umri na kwa vita. Agano Jipya linamjua mtu wa namna hiyo: akida. Akida wa Kapernaumu aliwajengea Wayahudi sinagogi na kumhangaikia mtumishi mgonjwa, na Bwana akaistaajabia imani yake. Kornelio alikuwa akida pia, na Roho alishuka nyumbani mwake. Na akida mwingine alisimama chini ya msalaba akisimamia kazi, akamjua aliye juu yake baada ya kazi kwisha.

Uzito wa nafasi ya luteni ulionekana tarehe 16 Machi 1968. Katika kijiji cha My Lai nchini Vietnam, wanajeshi wa Marekani waliwaua mamia ya raia wasio na silaha, wanawake na watoto wengi wakiwemo. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo mwaka 1971 alikuwa luteni, William Calley, kiongozi wa platuni. Siku hiyo hiyo rubani wa helikopta, Hugh Thompson, alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaokoa waliosalia hapo. Wote wawili walivaa sare moja. Sheria ya jeshi hili inamtaka ofisa akatae amri ya kuua raia, na watoto wetu watafundishwa hivyo darasani. Namshukuru Mungu kwa darasa hilo. Hata hivyo kuna jambo ambalo mwalimu wake, hata awe mwema namna gani, hana uwezo wa kulifundisha: jinsi luteni anavyoonekana kwa mtu aliyepiga magoti barabarani na mtoto mgongoni.

Mama, hilo unaliweza wewe.

Najua wengi wenu hamjawahi kuwasimulia watoto wenu. Mmewaficha kwa upendo, wasibebe mliyoyabeba. Wao wanakumbuka kambi, mgao wa unga, foleni ya maji, na baadaye ndege. Hawajui mlitokaje nyumbani. Katika mambo mengine ukimya huo naweza kuuelewa na sitaugusa. Lakini mtoto anayetaka kuwa ofisa wa jeshi ana haki ya kujua, na nyinyi mna wajibu wa kumwambia kabla hajatia sahihi. Lengo lisiwe kumtisha ili aache. Mwambie yule askari aliyewanyang'anya alisema nini. Kama yupo aliyewaacha mpite, mwambie na habari za huyo, maana naye alikuwepo, na kwa ajili yake baadhi yetu tunaabudu leo. Mtoto akisikia na bado akataka kwenda, atakwenda na kitu alichoazimia moyoni, kama Danieli. Akisikia akabadili nia, amebadili akiwa huru.

Maana kukataa nako ni njia. Wengi wetu tulipofika mji huu tulitua katika uwanja wa ndege ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la bondia Muhammad Ali, mzaliwa wa hapa hapa Louisville. Wazee wanamkumbuka kwa usiku wa pambano lake la Kinshasa, Oktoba 1974. Vijana wajue kwamba miaka saba kabla ya Kinshasa, tarehe 28 Aprili 1967, aliitwa jeshini akakataa kwa sababu ya imani yake. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu huku rufaa yake ikiendelea, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo. Hakuwa wa dini yetu. Nampa heshima yake kamili.

Tangu 1973 hakuna anayelazimishwa kuingia jeshi la Marekani, kwa hiyo kijana wa leo hakatai kama Ali. Yeye anakataa kwa kutotia sahihi. Baada ya sahihi mambo ni magumu zaidi. Anayeomba kutolewa jeshini kwa sababu za dhamiri lazima aonyeshe kwamba anapinga kushiriki vita vyote. Hawezi kuchagua kwamba vita hivi ataviendea na vile hapana. Mimi naamini Mkristo anaweza kuwa askari mwema, na nimeeleza kwa nini nasimama karibu na Yohana pale Yordani. Ndugu zetu Wamennoni, ambao wana makanisa makubwa Kongo, wamelisoma Hubiri la Mlimani kwa namna nyingine kwa karne kadhaa, na wengi wao wamelipa gharama. Mtoto wetu akifikia msimamo wao kwa maombi, asidharauliwe katika kanisa hili, wala asiambiwe ameitupa bahati ya familia.

Nami nitaomba vivyo hivyo kwa atakayeingia. Kila kiangazi maelfu ya makadeti huja Fort Knox, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa, kwa zaidi ya mwezi wa kupimwa kama wanaweza kuongoza. Wengi wako mbali na nyumbani. Akiwa wa kwetu, tumtembelee siku ya kumaliza, tumpelekee sambusa na tumkumbushe jina alilobatizwa nalo.

Jumapili ijayo baada ya ibada, familia zenye kijana anayefikiria jambo hili zibaki ukumbini. Leteni karatasi za mkataba kama mnazo, tuzisome pamoja kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, na hasa kile kinachoeleza mwisho wa mwaka wa kwanza. Leteni pia karatasi zenu za uraia na za ukaazi, ili tujue nani amebakiza nini. Kina mama watazungumza kwanza. Atakayeona hawezi kusimulia mbele ya watu anaweza kumwandikia mwanawe barua, na kwa asiyeandika, wazee wawili wa kanisa watakaa naye pembeni waandike maneno yake kama anavyoyatamka.